Ndege Aliaye Usiku

Mtu aliyezaliwa mjini, akalelewa baina ya taa za umeme na ngurumo za magari, aweza kufika utu uzima bila ya kujua kwamba usiku nao una wakazi wake. Mtu huyo na aende shamba katika miezi ya kaskazi, wakati jua limeichoma ardhi mchana kutwa na joto limeufukuza usingizi. Akisha kusali Isha, na akae barazani, taa aizime, asiseme neno. Kwanza hatasikia ila nyenje na vyura wa kisimani. Kisha masikio yatazoea, na sauti zitaanza kupambanuka moja moja. Kwenye mchanga karibu na maji atamsikia chekeamwezi, apigaye mlio wa filimbi upandao juu, ukazidi haraka, kisha ukashuka na kufa taratibu kama mtu aliyeishiwa na pumzi. Njiani, juu ya vumbi ambalo bado lina joto la mchana, amelala kirukanjia. Mwenye tochi akimulika ataona macho mawili yanayong'aa kama makaa, na akikaribia mno macho yale yatainuka na kupotea kizani bila ya kishindo. Na hapana budi, kabla ya usiku kuwa mkubwa, atamsikia bundi.

Hapo ndipo palipo na jambo lililonifanya nishike kalamu. Kwani chekeamwezi akilia watu hucheka, na kirukanjia akilia hakuna amjaliye, walakini bundi akilia nyumba nzima hunyamaza. Mwingine hutia chumvi motoni. Mwingine hutoka na kijinga cha moto akakirusha juu ya paa, asijali kuwa paa ni la makuti. Mwingine humtukana ndege kwa matusi ambayo mchana asingeyatamka mbele ya watoto wake. Na hawa si watu wasiosali. Ni wazee wetu na dada zetu, nao husoma Yasini kila usiku wa kuamkia Ijumaa. Mimi nalikuwa mmoja wao, na nitaeleza yaliyonipata, ingawa sehemu moja ya khabari hii sipendi kuikumbuka.

Nalikuwa na umri wa miaka kama tisa. Baba alikuwa safarini. Nyumbani tulikuwa sisi watoto, mama, bibi mzaa mama, na mjomba wetu aliyekuwa amekuja kutusaidia palizi. Dada yangu mdogo alishikwa na homa tangu mchana, na baada ya Magharibi akaanza kutetemeka na kusema maneno yasiyoeleweka. Zahanati ilikuwa mwendo wa saa mbili kwa miguu. Wakubwa wakashauriana, wakakubaliana kwamba asingojewe mpaka asubuhi. Mjomba atambeba mgongoni, na mimi nitashika taa ya chemli. Mama alikwisha kumfunga mtoto kwa kanga mbili, na mjomba alikwisha kuinama ampokee.

Mara ukapita mlio juu ya paa. Haukuwa ule mlio mzito wa hu-hu. Ulikuwa mkali na mrefu, mfano wa bafta inayochanwa kwa mikono miwili. Mlio wa namna hiyo ndio uliomfanya ndege aitwe mpasuasanda, na jina hili watu hawaliweki kwa ndege mmoja: wako wampao bundi mweupe, na wako wampao kirukanjia. Aliyepita juu yetu usiku ule alikuwa bundi mweupe, maana nilimwona kwa macho yangu akivuka uwanja, mweupe kama karatasi, na mbawa zake hazikutoa sauti hata kidogo.

Bibi akasema, "Mwanangu, mlaze mtoto chini. Sanda imekwisha kupasuliwa, wampeleka wapi?"

Mama akaketi sakafuni. Nakumbuka kwamba hakulia, aliketi tu, kama mtu aliyevunjwa miguu. Mjomba naye alisimama kimya kitambo, uso wake umebadilika. Hakuwa mwanachuoni, alikuwa mkulima aliyekhitimu msahafu na kusoma vitabu vichache vya fiqhi. Kisha akamwinamia bibi kwa adabu akasema, "Mama, mimi nami nimeogopa kama wewe. Lakini khofu yangu haimpunguzii mtoto homa. Tupe radhi zako twende." Bibi hakujibu, bali alinyosha mkono akamgusa kichwani, nayo ikawa ndiyo idhini. Tukatoka. Yule ndege alipiga mlio mara ya pili tulipofika kwenye miembe, na taa ikataka kuniponyoka mkononi. Mjomba akaniambia, "Angalia njia, usiangalie juu."

Mganga wa zahanati aliamshwa, akampiga mtoto sindano, akatuambia ni malaria. Juu ya bundi hakusema lolote, wala hapana aliyemwuliza. Dada yangu leo ana wajukuu.

Sehemu nisiyopenda kuikumbuka ni hii. Baada ya siku chache vijana wa kijiji walisema kwamba ndege aliyemkosa mtoto yule atarudi kumtafuta mwingine. Wakaenda kwenye mbuyu mkuu ulioko mwisho wa shamba, wenye tundu kubwa, nami nikafuatana nao kwa furaha, kwani mimi ndiye niliyemwona akielekea huko. Wakamwua mama kwa fimbo alipotoka. Ndani ya tundu walikuwamo makinda matatu yenye manyoya laini kama pamba, yakitutolea sauti ya kufoka kama nyoka, na chini yao lilikuwako rundo la mifupa midogo iliyoviringwa katika nywele. Wenzangu wakapiga kelele wakisema ni mifupa ya watoto wachanga. Nikaokota fuvu moja, likanienea juu ya ukucha wa kidole gumba. Lilikuwa na meno mawili marefu ya mbele. Nilijua ni panya, kwani nani mtoto wa shamba asiyejua fuvu la panya? Lakini sikusema neno, na makinda yale yakauawa yote.

Nalikuwa mtu mzima, nimeketi katika darsa ya Sahih Muslim, niliposikia hadithi ya Muawiya bin al-Hakam as-Sulami. Huyu ndiye yule sahaba aliyemwombea rehema mtu aliyepiga chafya hali wako katika sala, watu wakamtazama kwa ukali na kupiga mapaja yao wamnyamazishe, kisha Mtume (s.a.w.) akamfundisha kwa upole asiopata kuuona kwa mwalimu mwingine. Alipoona upole ule akajasiri kuuliza mengine. Akaeleza kwamba wao si muda mrefu walikuwa katika ujahili, na kwamba miongoni mwao wamo wanaotazamia mikosi kwa ndege. Mtume akamjibu, kwa maana yake, kwamba hilo ni jambo wanaloliona ndani ya vifua vyao, basi lisiwazuie na waliyokusudia.

Hebu itazameni hekima iliyomo humo. Hakuambiwa kwamba aonaye khofu moyoni amekwisha kuwa kafiri, wala hakuambiwa ajifanye kuwa haogopi. Khofu huja bila ya kualikwa, khasa kwa mtu aliyeimeza pamoja na maziwa ya mama. Kilichokatazwa ni kuipa khofu ile amri, ikuambie rudi ukarudi, ikuambie mlaze mtoto chini ukamlaza. Nilipoisikia hadithi hii nilimkumbuka mjomba wangu uwanjani, kanga mkononi, akisema kwamba naye ameogopa. Sidhani kwamba alipata kuisoma hadithi hii. Lakini aliitenda.

Na wala asidhani mtu kwamba itikadi hii ni ya Waafrika peke yao. Waarabu wa zama za ujahili walikuwa nayo, tena kubwa kuliko yetu. Mtu akitaka kusafiri alimfukuza ndege aliyetua. Akiruka upande anaoupenda husafiri, akiruka upande mwingine hurejea nyumbani na kufungua mizigo. Jambo hili waliliita tiyara, neno litokanalo na tayr, yaani ndege. Nasi katika Kiswahili chetu tumefanya vivyo hivyo bila ya kutanabahi: husema msafiri amepata ndege njema au ndege mbaya, na wala hatumaanishi kiumbe mwenye mbawa bali bahati. Lugha mbili zimekutana katika kosa moja.

Tena walikuwa na itikadi ya hama. Walisema kwamba mtu akiuawa na damu yake isilipiwe kisasi, hutoka kichwani mwake ndege akaaye juu ya kaburi akilia kwamba anyweshwe, na hanyamazi mpaka damu ya mwuaji imwagwe. Fikirini ni vita vingapi vya makabila vilivyochochewa kwa sauti ya bundi aliyekuwa akimwita mkewe! Mtume (s.a.w.), katika hadithi mashuhuri aliyoipokea Abu Hurayra na ambayo Bukhari na Muslim wote wameitaja, alikanusha mambo kadhaa waliyoyaamini watu hao, miongoni mwao tiyara na hama. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, katika sherehe yake ya Sahih Muslim ametaja tafsiri mbili za hama. Moja ni ya mifupa ya maiti kugeuka kuwa ndege. Ya pili, inayonasibishwa na Imamu Malik, ni kwamba hama ni bundi: alikuwa akitua juu ya nyumba ya mtu, mwenyewe husema kwamba amekuja kumtangazia mauti yake au ya mtu wa nyumbani mwake. Niliposoma maneno hayo nilihisi kama kwamba Imamu alikuwa ameketi katika ukumbi wetu usiku ule.

Na liko jambo jingine ambalo wachache hulifikiri. Sunna imetufundisha la kufanya tusikiapo sauti kadhaa za usiku. Tukisikia jogoo akiwika tumwombe Mwenyezi Mungu fadhila zake. Tukisikia punda akilia, au mbwa wakibweka usiku, tujilinde kwa Mwenyezi Mungu na shetani. Jogoo ametajwa, na punda, na mbwa. Bundi hakutajwa, ila pale alipokanushiwa uwezo aliozuliwa.

Atauliza kijana: Ikiwa si mkosi, mbona aghalabu bundi akilia hutokea kifo? Swali hili ni la haki, na jawabu lake haliko mbali. Bundi hulia takriban usiku wote na mwaka wote, juu ya paa la mzima na la mgonjwa. Lakini mzima amelala. Nyumba yenye mgonjwa ndiyo nyumba moja kijijini iliyo macho saa nane za usiku. Watu wake wamekaa kimya, masikio wazi, nyoyo zimejaa khofu. Ndiyo pia nyumba ambayo taa yake inawaka mpaka alfajiri. Taa huvuta wadudu, wadudu huwavuta mijusi, na makombo ya chakula cha wageni waliokuja kumtazama mgonjwa huwavuta panya. Bundi naye huja palipo na riziki yake. Kisha mgonjwa akifa, tarehe ile hukumbukwa milele na kusimuliwa kila matanga. Akipona, nani atakayesimulia kwamba bundi alilia na pasitokee kitu? Kisa cha dada yangu nakisimulia mimi peke yangu.

Sasa tumtazame ndege mwenyewe, kwani ni aibu kumwogopa tusiyemjua. Bundi mweupe mwenye uso mfano wa moyo ni miongoni mwa ndege wa nchi kavu walioenea mno duniani. Macho yake hayazunguki ndani ya matundu yake kama yetu, kwa hiyo amepewa shingo yenye pingili 14, mara mbili ya zetu, aweze kugeuza kichwa mpaka kutazama nyuma na kupita. Uso wake ule bapa ni kama sahani ya kukusanyia sauti. Chini ya manyoya masikio yake hayakuwekwa sawasawa, moja li juu kidogo kuliko la pili, hata mtikiso wa panya majani makavuni hulifikia sikio moja kwa namna isiyokuwa ya jingine, naye kwa tofauti hiyo ndogo hujua panya yuko juu au chini, kulia au kushoto. Mtaalamu wa Kimarekani Roger Payne alimjaribu ndege huyu ndani ya chumba chenye giza lisilokuwa na chembe ya nuru, na uchunguzi aliouchapisha mwaka 1971 ulionyesha kwamba humkamata panya kwa kusikia tu. Na ile mbawa isiyokuwa na sauti, iliyonitisha utotoni nikadhani ni ya jini, siri yake ni manyoya ya ukingoni yaliyochanika mfano wa meno ya kitana, pamoja na ulaini wa juu yake kama mahameli, ambavyo huukatakata upepo usivume. Basi panya hamsikii akija, naye humsikia panya akitafuna.

Lile rundo la mifupa tulilolikuta mbuyuni nalo lina sababu. Bundi humla panya mzima mzima, nyama humeng'enywa, mifupa na nywele huviringwa tumboni na kutapikwa kama donge. Wataalamu hukusanya madonge hayo wakayafungua, wakahesabu mafuvu, na kwa njia hiyo hujua ndege amekula nini mwaka mzima. Sisi watoto tulikuwa tumeshika mikononi daftari la hesabu zake, tukalisoma kinyume.

Na panya si adui mdogo. Panya wa mashambani wa nchi zetu huweza kuzaa zaidi ya watoto kumi kwa mimba moja, na mwaka wa mvua nyingi huzaana mpaka mkulima akapanda mahindi mara mbili na mara tatu, mbegu ikifukuliwa kabla haijaota. Viroboto wao hubeba tauni. Wilaya ya Lushoto, katika milima ya Usambara, ilipambana na tauni kwa vipindi tangu mwaka 1980 mpaka mwanzoni mwa karne hii. Mwaka ule tulioua bundi watano, mama na makinda na mwingine aliyeonekana baadaye, panya walipanda darini kwetu wakala mahindi ya mbegu. Siwezi kuapa kwamba hili lilitokana na lile. Lakini bibi yangu, aliyekuwa mtu wa haki, ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema, akiyatazama magunzi matupu, "Labda tulimwua mlinzi." Hakupata kutupa chumvi motoni tena, ingawa kila akimsikia ndege yule alivuta kanga yake mabegani.

Wako Waislamu wenzetu waliotutangulia katika jambo hili. Huko Malaysia, katika mashamba makubwa ya michikichi ambako panya hula matunda yakiwa mtini, wakulima hutundika masanduku ya mbao juu ya nguzo ili bundi mweupe atage humo, na kazi hii imeendelea kwa miongo mingi. Katika bonde la mto Jordan nako, nchi ambayo bundi alichukiwa kwa itikadi zile zile za hama, wakulima wa upande wa Jordan walianza mwaka 2002 kuweka masanduku ya namna hiyo. Faida yake haiko katika mahindi peke yake. Mkulima atumiaye sumu humwua panya, na panya aliyelewa sumu huliwa na bundi, na paka, na kuku, sumu ikapita kutoka tumbo hata tumbo. Aliye na bundi na asimwekee sumu panya wake.

Pwani yetu, tena, ina bundi ambao hawapatikani pengine popote. Pemba wako ndege wa aina nne ambao Mwenyezi Mungu hakuwaweka katika nchi nyingine, nao ni njiwa, chozi, ndege mdogo mwenye mduara mweupe machoni, na bundi mdogo kuliko njiwa, aliyeandikwa na mtaalamu Pakenham katika mwaka 1937. Bundi huyu hukaa katika msitu wa Ngezi na katika mikarafuu mikongwe, na mlio wake ni neno moja fupi, hu, likarudiwa baada ya kitambo. Wangapi wamelala mikarafuuni usiku wa mavuno wakamsikia na kujifunika shuka kichwani, wasijue kwamba wanasikia sauti isiyosikika Makka wala London! Na katika msitu wa Arabuko-Sokoke, upande wa Kilifi, aligunduliwa mwaka 1965 bundi mwingine mdogo wa kukaa katika kiganja cha mkono, ambaye mlio wake ni kama kengele inayogongwa polepole. Hakuonekana pengine mpaka mwaka 1992, alipopatikana chini ya milima ya Usambara ya Mashariki. Misitu hii ni midogo, na shoka halipumziki. Mti mkongwe wenye tundu ndio huangushwa kwanza, kwani husemwa kuwa hauna faida.

Wazungu nao wasitucheke. Uingereza wakulima walikuwa wakimpigilia bundi kwa misumari mlangoni mwa ghala, ati azuie radi na mabaya. Na kirukanjia wao walimsingizia kwamba hunyonya mbuzi usiku mpaka wakakauka, uwongo ambao hata Aristotle aliuandika, na jina la kitaalamu la ndege huyo mpaka leo maana yake ni mkama mbuzi. Ndege yule yule huwakimbia baridi ikianza kwao akaja Afrika, akapitisha kaskazi pamoja nasi. Huko kwao jioni za kiangazi huvuma kama cherehani isiyopumzika. Huku kwetu, kwa kawaida, hukaa kimya. Amekuja kula tu, kama mgeni mwenye adabu.

Lililobaki ni la wazazi, khasa akina mama, na nalisema kwa heshima. Mtoto akikataa kuingia ndani Magharibi, wepesi wetu ni kumwambia, "Bundi atakuchukua." Mtoto huingia mbio, nasi tukafurahi, lakini tumemlisha tiyara kwa kijiko. Kuwaingiza watoto ndani usiku unapoingia ni jambo alilolifundisha Mtume (s.a.w.) mwenyewe, pamoja na kufunga milango na kufunika vyombo kwa kutaja jina la Mwenyezi Mungu. Sababu iliyo ya kweli tunayo. Kwa nini tuazime ya uwongo? Na mtoto mwenye kushika manati aelezwe khabari ya ndege mdogo aitwaye hummara, ambayo Abu Daud ameipokea kutoka kwa Ibn Masud: masahaba walipokuwa safarini walimchukulia makinda yake mawili, mama yao akaja akipigapiga mbawa, na Mtume alipomwona aliuliza ni nani aliyemhuzunisha ndege huyu kwa watoto wake, akaamuru arudishiwe. Mimi khabari hii sikuelezwa nilipokuwa na umri wa kuihitaji.

Katika Suratun Nur, aya ya 41, tumeambiwa kwamba ndege wanyoshao mbawa zao, kila mmoja ameijua sala yake na tasbihi yake. Aya haikumtoa ndege wa usiku.

Mbuyu ule bado umesimama, na tundu lake lilikaa tupu kwa miaka mingi. Kaskazi iliyopita nalikwenda shamba pamoja na wajukuu, tukakaa barazani baada ya Isha. Umeme umefika kijijini sasa, lakini usiku ule ulikatika, nikashukuru kimoyomoyo. Chekeamwezi alianza mtoni. Baadaye ukapita ule mlio wa bafta juu ya paa, na mjukuu wangu wa kike, mwenye umri wa dada yangu wa siku zile, akanishika mkono kwa nguvu.

"Babu, nani yule?"

Nikamwambia ni bundi, ana makinda mbuyuni, anakwenda kuwatafutia chakula. Akafikiri kidogo.

"Atawapelekea nini?"

"Panya."

"Wangapi?"

Nikasema sijui, labda tukae tuhesabu. Tukakaa. Alipita mara nne kabla mtoto hajasinzia mapajani mwangu, na mara ya tatu nilimwona waziwazi mbele ya mwezi, kitu kidogo kikining'inia katika kucha zake, akielekea mwisho wa shamba.